Namna ya Kuchora Ufuo wa Maji Kupwa: Upeo, Nafasi na Mtu Aliyeinama

Mchoraji anayekwenda kuchora bahari kwa mara ya kwanza kwa kawaida huanza na mstari: anauvuta kutoka ukingo mmoja wa karatasi hadi mwingine, juu anaweka mbingu, chini anaweka maji, kisha anatafuta chombo au mtu wa kuweka katikati ili picha isionekane tupu. Mwongozo huu unafuata njia tofauti, kwa sababu mstari ule tunaouita upeo wa macho haukai baharini. Unakaa kwenye kimo cha jicho la anayetazama, na kwa hiyo kabla hajafungua rangi hata moja mchoraji ameshaamua, kwa kujua au kwa kutojua, binadamu wa picha yake atakuwa na cheo gani mbele ya bahari ile.

Mahali nitakapotumia kama mfano ni pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Paje kwenda Jambiani, ambako tangu mwaka 1989 wakulima, wengi wao wanawake, wamekuwa wakilima mwani kwa ajili ya soko kwenye mchanga unaofunuliwa maji yanapotoka. Kiswahili kina neno nafasi kwa uwazi ulio kati ya vitu, kwa muda wa kufanya jambo, na kwa fursa. Kwenye ufuo huu maana zote tatu hukutana, kwani uwazi ule mpana wa mchanga ndio muda wa saa chache ambamo kazi inawezekana, na maji yakirudi uwazi na muda huondoka pamoja. Anayetaka kuchora nafasi hapa anachora kitu chenye mwisho, na ni vizuri alijue hilo tangu anapopanga siku yake.

Kupanga siku kwa kufuata maji

Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Siku zinazofaa ni za bamvua, yaani siku chache zinazofuata mwezi kuandama na mwezi mpevu, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4 na mchanga hufunuliwa mbali sana kuelekea mwambani. Siku za maji mafu hazifai kwa zoezi hili, kwa kuwa bahari husogea kidogo tu na mashamba mengi hubaki yamefunikwa. Katika siku za bamvua kwenye pwani hii maji hufika chini kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi. Fika saa mbili asubuhi, wakati maji bado yanatoka, uwaone wakulima wakishuka nayo.

Usibebe vitu vingi. Karatasi nzito ya gramu 300 iliyobanwa kwenye ubao, penseli laini, kipande cha mkaa, brashi tatu na rangi tano za akriliki zinatosha: nyeupe, njano ya udongo, nyekundu ya udongo uliochomwa, bluu ya ultramarini, na bluu ile kali inayoelekea kijani. Upepo wa kusi au wa kaskazi hukausha akriliki kabla hujamaliza kuichanganya, kwa hiyo tandika kitambaa chenye maji kwenye kibao cha kuchanganyia na uwe na chupa ya kunyunyizia. Chukua pia kigoda kifupi. Nitaeleza hapa chini kwa nini kigoda hicho ni muhimu kuliko brashi.

Kabla ya kufungua chochote, waamkie watu na uombe ruhusa. "Shikamoo, bibi, naomba nikae hapa nichore kazi mnayoifanya" ni maneno machache, na akikuitikia marahaba na kukuuliza unachora kwa ajili ya nani, mjibu ukweli wote, pamoja na kama picha itauzwa. Akikataa, sogea. Adabu hii ina faida pia kwa picha yenyewe, kwani aliyekukubali atakusahihisha. Mkulima mmoja aliitazama karatasi yangu ya kwanza, ambamo nilikuwa nimemchora akifunga mwani huku maji yakimfika mapajani, akaniambia kwa upole: "Mwanangu, maji yakiwa hapo sisi tumeshapanda juu." Nilikuwa nimechora rangi nzuri ya maji bila kujua kwamba rangi ile ni ya saa ambayo kazi haipo.

Kimo cha jicho

Simama juu ya mchanga uliofunuliwa, si kwenye kingo ya ufuo iliyoinuka, na umtazame mtu wa kimo chako aliyesimama mbali. Macho yake yatakuwa sawasawa na upeo. Mtazame mwingine aliye karibu zaidi: macho yake nayo yatakuwa kwenye upeo, ila miguu yake itashuka chini zaidi katika picha. Hii ni kanuni isiyovunjika mahali palipo tambarare: watu wote waliosimama, wa mbali na wa karibu, hupangwa vichwa vyao kwenye mstari mmoja, na umbali husomwa miguuni. Mwanafunzi anayechora watu wa mbali wakiwa wamepanda juu ya upeo, kana kwamba wanaelea, amesahau kanuni hii moja tu.

Sasa mtazame mkulima aliyeinama. Mgongo wake uko chini sana ya kimo cha jicho lako, kwa hiyo ukiwa umesimama atamezwa wote na mchanga na maji, na hakuna sehemu ya mwili wake itakayogusa mbingu. Kaa kwenye kigoda. Jicho lako limeshuka kutoka mita 1.6 hivi hadi karibu mita 0.8, upeo uliokuwa kilomita 4.5 kutoka kwako umekuwa kilomita 3.2, na mgongo ule ule sasa unafika kwenye mstari wa bahari au unauvuka. Anaponyooka kupumzika, upeo unamkata kiunoni na nusu ya mwili wake inasimama ndani ya mbingu. Mkulima na bahari ni wale wale, na wewe umeshuka sentimita 80 tu, lakini uhusiano wote kati yake na bahari umebadilika.

Fanya michoro midogo mitatu ya penseli, kila mmoja usiozidi ukubwa wa kiganja: mmoja ukiwa umesimama, wa pili ukiwa umekaa kwenye kigoda, na wa tatu, ukiweza, kutoka ghorofa ya kwanza ya jengo lililo karibu na ufuo. Katika huu wa tatu upeo hupanda juu ya vichwa vyote, mashamba huwa kama ramani yenye miraba, na watu huwa nukta. Sisemi kwamba mtazamo huo ni wa uongo. Unafaa kwa anayetaka kuonyesha ukubwa wa mashamba na jinsi yalivyopangwa. Lakini ndio mtazamo wa mgeni aliye kwenye roshani, na picha nyingi za ufuo huu zimechorwa au kupigwa kutoka hapo bila mwenyewe kujiuliza amesimama wapi. Mimi huchagua kigoda, na sababu yangu ni kwamba nataka mgongo ule ugusane na bahari, kwa kuwa ndivyo ulivyo katika maisha ya mwenye mgongo.

Inasaidia kuwatazama waliolitatua jambo hili kabla yetu. Mjerumani Caspar David Friedrich, kati ya mwaka 1808 na 1810, alichora picha ya mtawa mmoja amesimama ukingoni mwa bahari, na mbingu akaiachia sehemu kubwa mno ya turubai kiasi kwamba mtu yule amekuwa kama kijiti. Uchunguzi wa tabaka za chini za rangi umeonyesha kwamba mwanzoni alikuwa ameweka merikebu baharini, kisha akaziondoa. Ujasiri huo wa kuondoa unapaswa kuigwa. Jambo lisilofaa kuigwa hapa ni mkao wa mtu: mtawa amesimama na kuitazama bahari, lakini mkulima wa mwani haitazami bahari hata kidogo. Anatazama mikono yake. Bahari anaijua kwa vifundo vya miguu na kwa joto la maji, na ukimsimamisha akitazama mbali kwa huzuni umempa uhusiano wa mtu mwingine.

Kwa mkao wa kazi, mwalimu wangu ni Sam Ntiro (1923–1993), aliyezaliwa Uchagani na kusoma Makerere. Katika picha zake za maisha ya kijijini, kama ile ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, iliyoko Museum of Modern Art ya New York, watu ni wengi, maumbo yao yanafanana, na wamo ndani ya mandhari. Jifunze kutoka kwake kuweka watu watano au sita wenye uzito ulio sawa, badala ya shujaa mmoja, kwa sababu kazi ya mwani nayo hufanywa na watu walio karibukaribu, wanaozungumza.

Vigingi kama kipimo cha umbali

Shamba la mwani ni safu za vigingi vya miti vilivyopigwa mchangani, na kati ya kigingi na kigingi hupita kamba ambayo vishada vya mwani hufungwa juu yake kwa vikamba vidogo. Kwa mchoraji hii ni zawadi, kwa maana umbali umekwisha kupimwa na mikono ya watu, na kilichobaki ni kuupokea. Mistari ya kamba zinazokwenda upande mmoja huelekea nukta moja kwenye upeo, hata kama zinapotelea majini kabla hazijafika.

Kosa la kawaida ni kupanga vigingi kwa nafasi zilizo sawa. Ili upate nafasi zinazopungua kwa usahihi, chora kigingi cha kwanza na cha pili. Vuta mistari miwili inayoelekea nukta ile ya upeo, mmoja ukipita vichwani mwa vigingi na mwingine ukipita chini mchangani. Tafuta katikati ya kigingi cha pili, kisha vuta mstari kutoka kichwa cha kigingi cha kwanza upite katika nukta hiyo ya katikati hadi uguse mstari wa mchangani: hapo ndipo penye mguu wa kigingi cha tatu. Rudia hadi vigingi visonge kiasi cha kutotenganishwa. Baada ya vinne au vitano jicho lako litakuwa limeshaelewa mwendo wa kupungua, na unaweza kuendelea bila mistari.

Baada ya hapo livunje pambo hilo la usahihi, kwa kuwa vigingi vya kweli haviko wima. Kimoja kimelala upande kwa mkondo, kingine kimeng'oka na kamba yake imelegea, na hapo ndipo msomaji wa picha atakapoamini kwamba bahari ilipita hapa usiku na itapita tena. Kumbuka pia kwamba kila kigingi ni kijiti kilichokatwa kwenye mti fulani. Mimi hukipa kila kimoja rangi yake ya gome, hata kama ni kwa mguso mmoja wa brashi, kwa sababu shamba hili la baharini lina deni nchi kavu.

Rangi za mbali zisizofifia

Vitabu vingi vya uchoraji hufundisha kwamba vitu vya mbali hufifia na kuelekea bluu nyepesi. Kwa milima ni kweli. Kwenye ufuo huu kanuni hiyo itakupoteza. Karibu nawe maji ni membamba na mchanga mweupe unaonekana chini yake, kwa hiyo rangi ni nyepesi kuliko zote. Mbele yake, maji yakizidi kina juu ya mchanga, huja kijani cha bluu kinachong'aa, kikiwa na mabaka meusi palipoota majani ya baharini. Kisha huja mstari mweupe mwembamba wa mawimbi yanayovunjika mwambani, na nyuma yake bahari kuu, ambayo ndiyo nzito na nyeusi kuliko sehemu zote za picha. Maji hunyonya wekundu wa mwanga kadiri kina kinavyoongezeka, ndiyo maana giza liko mbali na weupe uko miguuni.

Kwa hiyo umbali uoneshe kwa njia nyingine: upana wa mabaka. Mabaka ya karibu yawe mapana na yenye kingo zilizopinda, na ya mbali yawe membamba kama nyuzi, yaliyolala sambamba na upeo. Kijani kile kisipakwe kama kilivyo kwenye chupa, kwa maana kitapiga kelele. Punguza ukali wake kwa chembe ya nyekundu ya udongo, na ukiweke baada ya kukamilisha mchanga ulio kando yake, kwani nusu ya mng'ao wake unatokana na kijivu cha mchanga mbichi.

Asubuhi jua liko mbele yako, upande wa bahari. Watu wanaonekana kwa giza dhidi ya maji yanayometameta, na kanga zao hazionyeshi maua wala maandishi. Finya macho mpaka uone madaraja matatu tu ya mwanga, meusi, ya kati na meupe, uyachore kwa mkaa kabla ya rangi. Ukishawishika kuchora maua ya kanga ambayo macho hayayaoni, utakuwa umemtoa mkulima katika mwanga wake na kumweka kwenye duka la nguo.

Cha kuondoa na cha kubakiza

Friedrich aliondoa merikebu. Mimi ninaondoa tanga la ngalawa kama halikuwepo saa ile. Pembetatu nyeupe kwenye upeo imezoeleka mno hata imekuwa njia ya kujaza mahali ambapo mchoraji hakuwa na la kusema. Kama ngalawa imepita kweli, ichore. Vinginevyo uache upeo uwe mtupu, kwa kuwa utupu huo ndio unaoupa mgongo wa mkulima uzito wake.

Kwa upande mwingine, usiondoe ukuta wa mawe uliojengwa kuzuia mmomonyoko, wala chupa ya plastiki iliyonasa kwenye kamba, wala safu ya vigingi vitupu. Mwani ule mnene wa kotonii, wenye bei nzuri zaidi, umekuwa ukifa kwa maradhi katika maji yaliyozidi joto, na wakulima wengi wamebaki na spinosumu, ulio mwembamba na wa bei ndogo. Vigingi vitupu katikati ya shamba mara nyingi vina habari hiyo ndani yake. Havihitaji kuwekwa mbele wala kupewa rangi ya kutisha. Viweke mahali vilipo, kwa ukubwa vilio nao, na mtu wa Jambiani akiiona picha atasimama hapo kwa muda mrefu kuliko kwenye kijani chote.

Zoezi la pembeni: mahali pasipo na upeo

Kwa siku ambazo maji hayakupi nafasi, nenda kwenye mikoko ya ghuba ya Chwaka. Humo upeo haupo. Mizizi ya mkoko hushuka kama matao mbele ya matao, na ukijaribu kuipanga kwa sheria za umbali utachoka. Hapa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, anasaidia: aliujaza ubao kwa mnyama mmoja juu ya rangi tupu ya nyuma, bila mstari wa ardhi, na mnyama akapata mahali pake kwa ukingo wa umbo lake peke yake. Paka rangi moja ya tope, kisha chora uwazi ulio kati ya mizizi badala ya mizizi yenyewe.

Halafu nenda Mji Mkongwe ukachore chumba cha nyumba ya zamani kwa kutazama juu. Dari limebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo hufika mita 3 hivi tu, vyumba vikawa virefu na vyembamba, kwa vile upana haukuweza kuzidi urefu wa mti. Chora boriti kwanza, moja baada ya nyingine, na kuta zifuate. Kisha weka michoro hii miwili kando kwa kando ukutani kwa wiki moja kabla ya kurudi ufuoni.

Kurudi kwa bamvua inayofuata

Picha kubwa haimalizwi asubuhi moja. Bamvua hurudi baada ya siku 15 hivi, na maji hufika chini tena karibu saa ile ile, kwa hiyo jua na mchanga vitakuwa vimekutana tena karibu kama ulivyoviacha. Pigilia alama yako: chukua mnazi mmoja na kona ya ukuta mmoja, uvipange kwenye mstari mmoja nyuma yako, uandike idadi ya hatua kutoka hapo hadi kilipokaa kigoda. Upime pia kimo cha kigoda kama umebadilisha, kwani sentimita 10 tu zitauhamisha mgongo kutoka mbinguni na kuurudisha majini.

Ziara tatu hutosha kwa picha ya upana wa mita moja. Mwani nao huchukua wiki sita hivi tangu kufungwa hadi kuvunwa, kwa hiyo katika ziara ya kwanza utakuta vishada vidogo kama ngumi vikiwa na mchanga mwingi kati yake, katika ya pili kamba zimeanza kufunikwa, na katika ya tatu huenda ukakuta safu nzito zisizoonyesha kamba, au vigingi na kamba tupu, mavuno yakiwa yameshaanikwa juu ya majamvi ya makuti uani. Amua kabla ya ziara ya pili ni mwani wa siku gani utakaouchora, uuandike nyuma ya ubao pamoja na tarehe ya mwezi, na mwenye shamba umwonyeshe picha ikiwa bado mbichi, wakati bado inawezekana kusahihisha.